Nani Hana Makazi Hanang?

Kuna maneno machache yanayotumika Tanzania kwa watu wa aina mbili wasiofanana hata kidogo: "wasio na makazi ya kudumu." Mjini maneno hayo humtaja anayelala stendi, au kwenye kibaraza cha duka baada ya mwenye duka kufunga. Uwandani humtaja mfugaji anayehama na ng'ombe wake kufuata mvua. Wa kwanza amekosa pa kulala. Wa pili anapo pake, tena pakubwa, ila hapana ukuta. Ofisa akiwaandika wote wawili kwa maneno yale yale, atakayesoma faili miaka kumi baadaye hatajua nani alihitaji nyumba na nani alihitaji kuachiwa alichokuwa nacho.

Wilayani Hanang, mkoani Manyara, watu wa aina hizi mbili wamepita juu ya ardhi ile ile katika muda wa nusu karne. Soma majina ya kata zake: Getanuwas, Gendabi, Gehandu, Gisambalang, Gidahababieg. Mengi ni ya Kidatoga. Wadatoga, na hasa tawi lao la Wabarabaig, ndio waliotajwa kwa miongo mingi katika hotuba na ripoti kuwa ni watu wa kuhamahama, wasiokaa mahali. Hata hivyo Mwiraqw aliyehamia hapo kulima, Mnyaturu, Mchaga mwenye duka mjini Katesh, na mtumishi wa Serikali aliyeletwa na barua ya uhamisho, wote wanapoulizwa wanakaa wapi hujibu kwa majina waliyoyatoa hao wanaodaiwa hawana makao. Na jina ambalo wengi hutumia kwa Wadatoga wenyewe, Wamang'ati, limetoka kwa Wamaasai na maana yake ni maadui. Wao waliipa nchi majina yake. Jina lao wakapewa na waliopigana nao.

Nianze na tukio la karibu, kwa kuwa ndilo lililoleta neno "makazi" katika kila taarifa ya habari.

Asubuhi mapema ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa njia za mito hadi mji wa Katesh, Gendabi, Jorodom na vitongoji vya jirani. Waliofariki walifika 89. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi. Alikatisha ziara yake na tarehe 7 alisimama Katesh mbele ya waliofiwa. Mamia ya watu walikuwa wamebaki na nguo walizovaa.

Waliobaki hai walipewa majina matatu, tena kwa zamu, mara nyingine katika habari moja: wahanga, waathirika, manusura. Mhariri anaweza kudhani ni visawe vya kupamba habari isichoshe. Mimi naona kila moja linampeleka mtu kwenye dirisha lake la ofisi. Mhanga ni aliyetolewa kafara. Ndiyo maana tunasema kujitoa mhanga. Kumwita mhanga mama aliye hai, anayesubiri godoro na sufuria, ni kumhesabu pamoja na waliozikwa. Kwake kilichobaki ni maombolezo, na maombolezo hayahitaji bajeti ya mwaka unaofuata.

Mwathirika ni neno la baridi zaidi. Limejengwa juu ya kauli ya kutendeka, na kauli hiyo haina mtenda: mtu ameathirika tu, basi. Wakenya hupenda kusema mwathiriwa, na hapo swali "na nini, na nani?" linapata nafasi ya kuulizwa. Kisha neno lenyewe lina historia. Kwa miaka mingi "mwathirika" lilikuwa jina la aliyeambukizwa virusi vya UKIMWI, na wenye hali hiyo walipigania kwa muda mrefu waitwe watu wanaoishi na VVU, kwa kuwa waliona neno la zamani lilishawazika wakiwa wanatembea. Tumelichukua neno walilolikataa wao, tukawapa waliopoteza nyumba.

Nalipenda manusura. Ndani yake mna kunusuru, yaani kuokoa na kusaidia ashinde, na ndilo shina la jina la mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) unaofahamika hadi vijijini, Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini. Manusura ametoka kwenye hatari na bado yumo safarini. Anastahili kuulizwa anaelekea wapi.

Walielekea kwanza kwenye madarasa ya shule, na madarasa yakaitwa kambi. Kambi ni neno la askari, la wasafiri na la wakandarasi wa barabara. Linaahidi kuwa litavunjwa. Kwa hiyo hakuna anayeona ajabu kambi isipokuwa na mlango unaofungwa kwa ndani, wala pa mtoto kusomea. Tanzania ina somo lake hapa, na limeandikwa kwa damu ya majirani. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mahali hapo paliitwa makazi ya wakimbizi. Waligawiwa mashamba, wakalima, wakauza mazao, na kuanzia 2014 zaidi ya watu 160,000 miongoni mwao na wazao wao walipata uraia. Waliokuja katika miaka ya 1990 waliwekwa kambini, na kambini mtu hula kwa kipimo cha mgao, hana shamba, na kutoka kwake ni kwa kibali. Wote ni wakimbizi kutoka nchi moja. Sera zilibadilika, kweli, lakini neno la kwenye kibao cha barabarani lilimweleza kila ofisa mpya afanye nini bila kusoma sera.

Makazi, makao, mkazi, kikao: yote ni ya kaa. Kitenzi hiki kina ukwasi ambao wapangaji wa nyumba wangefaa kuukumbuka. Kukaa ni kuketi, ni kuishi, ni kudumu, na nguo iliyoshonwa vizuri tunasema imemkaa. Nyumba iliyo imara inaweza isimkae aliyepewa. Wizara yenyewe imelijua hilo tangu ilipopewa jina: Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Vitu vitatu, na hakuna kinachotosha bila vingine. Ardhi ni mahali, nyumba ni jengo, makazi ni maisha yanayowezekana humo: maji, njia, jirani, shamba, zahanati, msiba ukitokea pa kukaa waombolezaji.

Nyumba za manusura wa Hanang zilijengwa katika kata ya Mogitu. Ni zaidi ya 100. Za Serikali zilijengwa na SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa, nyingine zikajengwa na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, na Desemba 2024, mwaka mmoja baada ya tope, wenyewe wakakabidhiwa. Mwaka mmoja kutoka darasa la shule hadi ufunguo ni kazi ya kusifiwa, nami naisifu bila kusita. Ila naomba tusome majina ya eneo hilo taratibu: Gidagamowd, Waret.

Aliyewahi kufuatilia habari za ngano ya Hanang ameyaona majina hayo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa saba ya ngano katika uwanda wa Basotu: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd. Kwa jumla yalifika takriban hekta 40,000. Ardhi ilikuwa ya malisho ya Wabarabaig, na haikuwa ya malisho yoyote tu. Mtafiti Charles Lane, aliyeishi miongoni mwao miaka ya 1980 na kuandika kitabu Pastures Lost, alieleza jinsi wanavyoipanga nchi yao kwa aina za malisho, kila aina na msimu wake, na kwamba trekta zilichukua sehemu ambazo wao huziita muhajega, zenye udongo mzuri na nyasi bora kuliko zote. Ukiondoa muhajega, mzunguko mzima unavunjika, kwa kuwa ng'ombe watabaki muda mrefu mno katika nyasi zilizohitaji kupumzika.

Waliohamishwa hapo hawakuitwa manusura. Hata waathirika hawakuitwa. Waliporudi kupitisha mifugo kwenye njia zao za zamani, waliitwa wavamizi, na kosa lao likaitwa kuingia kwa jinai. Haya ndiyo maneno ninayoyawazia kila ninapolisikia neno makazi likitamkwa kuhusu Hanang. Watu wawili wamepoteza pa kukaa. Mmoja kwa mlima, mwingine kwa plau. Wa kwanza amepewa jina linalofungua mlango wa msaada, wa pili jina linalofungua mlango wa mahakama.

Mahakamani walikwenda pia kwa hiari yao. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO mwaka 1981. Mahakama Kuu mjini Arusha iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Moja ya sababu ilihusu neno. Sheria ya ardhi ya kikoloni, ya 1923, iliyokuwa bado inatumika, ilitambua umiliki wa kimila wa "wenyeji", na Mahakama ikasema walalamikaji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Wabarabaig, chini ya mlima Hanang, katika kijiji chenye jina la lugha yao, walikosa ushahidi wa uenyeji. Neno lililotungwa na gavana wa Kiingereza ili kuwatenganisha Waafrika na wageni lilikuja kuwakana Waafrika wenyewe, miaka zaidi ya 20 baada ya uhuru.

Jambo jingine lilikuwa wazi mbele ya macho ya yeyote aliyefika uwandani. Wadatoga humzika mzee mwenye heshima kwa mazishi yanayochukua miezi, na juu ya kaburi huinua kichuguu kikubwa cha udongo kiitwacho bung'eda. Vizazi hukijua, huapa kwa jina la aliye ndani yake, huleta watoto wakionyeshwe. Baadhi ya bung'eda zililimwa pamoja na mashamba. Mtu asiye na makazi ya kudumu hajengi kaburi la kudumu. Ushahidi wa makazi ulikuwapo, umeinuka juu ya ardhi kama ilivyo nguzo ya mpaka. Lakini fomu ya umiliki iliuliza nyumba ziko wapi.

NAFCO haipo tena. Mashamba yake yaligawanyika, mengine yakaenda kwa wawekezaji, mengine yakarudi kwa wananchi. Sina ugomvi na kujengewa manusura upande ule. Waliopoteza watoto na nyumba walistahili ardhi salama, mbali na njia ya tope. Ninachotaka ni kwamba jina Gidagamowd, likitamkwa katika hotuba ya kukabidhi nyumba, litamkwe na historia yake yote. Vinginevyo tutaendelea kuamini kwamba kukosa makazi Hanang kulianza Desemba 2023.

Sasa tuje kwenye kupanga. Hapa Kiswahili kimefanya jambo ambalo sijaliona vizuri katika lugha nyingine ninazozisoma. Kupanga ni kuweka mambo kwa utaratibu: kupanga vyombo, kupanga safari, kupanga bajeti. Kupanga vilevile ni kuishi katika nyumba ya mtu kwa kulipa kodi. Kwa hiyo mpangaji ni yule anayelipa pango, na ukitaka kumtaja aliyechora ramani ya mji lazima useme ofisa mipango miji, kwa sababu neno jepesi limeshachukuliwa na mlipa kodi. Naliona hilo kuwa zuri. Lugha imempa jina la kupanga mtu wa chini, anayejua bomba linalovuja liko upande gani. Lakini katika maafa mpangaji huyo ndiye anayesahaulika kwanza. Orodha ya uharibifu huuliza nyumba ya nani imebomoka, na jibu ni jina la mwenye nyumba. Aliyekuwa amepanga chumba na amepoteza kitanda, cherehani na mtaji wa genge lake, hakupoteza nyumba kwa kipimo cha orodha, ingawa usiku huo hana pa kulala sawa na mwenzake. Katika mji wa wafanyabiashara na watumishi kama Katesh, wapangaji ni wengi. Mpango wowote wa makazi unaoanza kwa kuhesabu majengo badala ya watu utawaacha hao.

Je, ukihesabu kwa kaya? Neno kaya ndilo kipimo cha Serikali: cha sensa, cha TASAF, cha mgao wa chakula. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kushirikiana mahitaji, hasa chakula. Chungu kimoja, kaya moja. Pwani ya Kenya, kwa Wamijikenda, kaya ni msitu mtakatifu ulikokuwa mji wa wahenga. Kwa mfugaji wa Kidatoga mwenye wake watatu, boma ni moja, zizi ni moja, na kila mke ana nyumba yake, moto wake, na ng'ombe aliotengewa akamue. Karani atahesabu ngapi? Akisema moja, wanawake wawili wanakosa jina kwenye orodha. Akisema tatu, boma limekatwa vipande vitatu na zizi halina mwenyewe. Hakuna jibu ambalo ni kosa la karani. Kipimo kililetwa kutoka mahali pengine. Boma nalo lina sura mbili: ni makao ya mfugaji, na tangu enzi za Wajerumani ni ofisi ya mkuu wa wilaya. "Nimeitwa bomani," asemavyo mzee, maana yake ameitwa Serikalini. Kenya imeliokoa kidogo neno hilo kwa kuuita mfumo wake wa kuomba nyumba za bei nafuu Boma Yangu, ingawa nyumba zenyewe ni ghorofa.

Waliopanga zamani Hanang na Mbulu hawakukosa maarifa. Wairaqw, walipokuwa wakiandamwa na wavamizi wa mifugo, walichimba nyumba ndani ya miteremko, paa likilingana na ardhi, mtu na ng'ombe wakajificha pamoja. Hiyo ilikuwa nyumba yenye ulinzi ndani yake. Baadaye, Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na katika miaka mitatu iliyofuata mamilioni ya watu nchini walihamishwa. Neno lililotumika ni operesheni. Kwa waliohamishwa, operesheni ni la hospitali na la jeshi. Katika yote mawili anayefanyiwa hulala kimya.

Na fedha?

Kiswahili cha ofisini kina neno kufadhili, na anayetoa ni mfadhili. Ndani yake mna fadhila, wema ambao mtu hakulazimika kuutenda. Nyumba iliyofadhiliwa inabeba deni la shukrani, na anayelalamika kwamba choo kimejaa anaambiwa fadhila za punda ni mateke. Msaada ni mwepesi zaidi, lakini nao hutolewa na mwenye huruma, kwa wakati wake. Rambirambi ni fedha ya msiba. Sheria za wanyamapori zimetupa kifuta jasho, kwa aliyeliwa mazao, na kifuta machozi, kwa aliyejeruhiwa au aliyefiwa. Majina ya upole yaliyowekwa makusudi ili malipo yasiitwe fidia. Kwa sababu fidia ni jambo jingine kabisa. Fidia ni haki, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Anayedai fidia anaweza kwenda mahakamani. Anayefutwa machozi hana pa kwenda kama kitambaa kilikuwa kidogo.

Tofauti hii ilionekana Kagera. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu na kubomoa maelfu ya nyumba, na michango ikamiminika. Rais Magufuli alisema waziwazi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake. Fedha zilielekezwa kwenye shule, hospitali na barabara. Wananchi wengi waliuliza: si mlisema ni rambirambi? Rambirambi ni ya mfiwa, haijengi barabara. Hanang Serikali ilichukua njia nyingine, ikajenga nyumba. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 ilikuwa imeshapita katikati ya matukio hayo mawili, na ndani yake mna mfuko wa kitaifa. Lakini hata sheria hiyo haijatupa neno la kile anachodai aliyebomolewa. Anaweza kuwa mwenye bahati kama manusura wa Hanang, au asiwe nayo.

Neno ninalolitaka limo kwenye vitabu vya bajeti. Ni fungu. Ofisi ya Waziri Mkuu ni Fungu 37. Wizara ya Ardhi ni Fungu 48. Bunge hupitisha fungu, na fungu likipitishwa halisubiri moyo wa mtu. Sokoni fungu ni nyanya zilizopangwa tano tano, kila mnunuzi na lake, hakuna anayemshukuru muuzaji kwa hisani. Waumini wanalijua fungu la kumi, na mwenye mkosi huambulia fungu la kukosa. Nyumba ya aliyekosa makazi ikiwa na fungu lake lenye namba, kila mwaka, hata mwaka ambao hakuna mlima uliomeguka, ndipo mtu ataweza kuuliza: fungu letu limekwenda wapi? Kenya wameanza kwa kumkata kila mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri kiasi hichohicho, chini ya sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024. Wengi wamenung'unika, na baadhi ya manung'uniko yana haki. Lakini wanaitaja kama kodi yao, na anayelipa kodi husema "nyumba zetu" kwa sauti tofauti na anayepewa fadhila.

Nyumba peke yake haimtoshi kila mtu. Mzee aliyepoteza mwanawe kwenye tope, mwenye ulemavu, mgonjwa wa akili aliyekuwa akilala stendi Babati: hawa wanahitaji nyumba na mtu wa kuwatazama. Mkoa wa Manyara una mahali pa namna hiyo, Sarame, huko Magugu, mojawapo ya makazi yanayosimamiwa na Serikali chini ya wizara ya maendeleo ya jamii. Mahali hapo panaitwa makazi ya wazee na wasiojiweza. Wasiojiweza! Neno hili lilitungwa kwa huruma, nami silitukani, lakini nani anajiweza? Mkuu wa wilaya anapikiwa, anaendeshwa gari, ananyooshewa nguo. Tunachokitaja kwa neno hilo ni umaskini wa kukosa wa kumlipa. Katika kazi za watoto tumefanya vizuri zaidi: "watoto wa mitaani" wamekuwa "watoto wanaoishi na kufanya kazi mitaani", na kirejeshi hicho, wanao-, kimewatoa kwenye kabila la mtaani na kuwaweka kwenye hali inayoweza kwisha. Vivyo hivyo ningesema "waliokosa makazi" kuliko "wasio na makazi". Kukosa kuna jana na kesho.

Na nyumba zenye huduma ndani yake tuziite nini? Nimeona "makazi tegemezi" katika tafsiri. Ni kosa baya. Tegemezi ni yule anayemtegemea mwingine, kama nchi tegemezi. Jina hilo linamhukumu mkazi kabla hajafungua mlango. "Saidizi" ni afadhali, ila bado linanukia kamati. Mimi ningesema makazi yenye huduma, kwa maneno ambayo muuguzi wa zahanati ya Basotu atayaelewa bila semina. Wafini, waliobadili sera yao kuanzia 2008, waligeuza mabweni ya waliokosa makazi kuwa nyumba za kupanga, kila mkazi na mkataba wake, na huduma zikamfuata humo. Kwa Kiswahili tendo lao lote linasemeka hivi: walimtoa mtu kulala bwenini wakamfanya mpangaji. Nalipenda kwa sababu neno letu lilikuwa tayari linawangojea.

Imebaki Getanuwas na jirani zake, ambako mlima haukushuka na hakuna hotuba ya kukabidhi inayotarajiwa. Huko kukosa makazi huja polepole: shamba linasogea, njia ya ng'ombe inafungwa, kisima kinapata mwenyewe, vijana wanakwenda mjini kulinda maduka usiku na kulala mchana katika nyumba za vyumba vinane kwa ua mmoja. Kila kijiji kinatakiwa kuwa na mpango wa matumizi ya ardhi, chini ya sheria ya 2007, na mpango huo una jedwali: makazi safu yake, kilimo safu yake, malisho safu yake, msitu safu yake. Ofisa akijaza, hupaka makazi rangi moja palipo na mabati, na malisho rangi nyingine, na kijana mwekezaji anayeitazama ramani ile mezani anaona malisho ni nafasi iliyobaki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila itolewe kwa familia au kwa kundi, si lazima kwa mtu mmoja. Basi kundi la wafugaji wa Getanuwas linaweza kuandikiwa hati ya malisho yao kwa majina yao yote, wanawake wenye nyumba zao ndani ya boma wakiwamo, na kwenye safu ya matumizi, kabla ya neno malisho, karani aandike makazi.